Mpwa wangu anapiga kinanda kanisani, nimemkuta na bangi. Wazee wanataka kumsimamisha. Nishaurini

FundiMashine_Igogo

Wakuu, habari za jioni. Mnivumilie, mimi ni fundi wa mashine za boti pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, vidole vyangu vimezoea spana kuliko kioo cha simu. Na uzi huu utakuwa mrefu.

Naishi na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Mama yake anauza vitenge Nansio, Ukerewe. Baba yake hiyo tuiache. Kijana ni mpole, anasalimia watu, anafua nguo zake mwenyewe. Kanisani ndiye mpiga kinanda, tena alijifundisha mwenyewe kwa kukaa nyuma ya aliyekuwepo kabla yake na kumwangalia vidole. Jumatano mazoezi, Ijumaa mazoezi, Jumapili ibada zote mbili. Akina mama wanamwita "mwalimu", umri huo!

Sasa kinanda kikaanza kukoroma kwenye sauti za chini. Nikaambiwa fundi si upo, hebu kitazame. Nikafungua mfuko wake kutafuta adapta. Kwenye kile kimfuko cha pembeni cha waya nikakuta Agano Jipya dogo, lile lenye Zaburi na Mithali mwishoni ambalo watoto hugawiwa shuleni. Nikafurahi. Nikalifungua kwa nyuma, kurasa hazipo. Na hazikuchanwa kwa hasira, zimekatwa kwa rula, pembe zimenyooka. Zaburi zipo zote. Mithali imeliwa kuanzia mwisho, imebaki mpaka sura ya 19. Nikainua adapta, chini yake kuna nailoni yenye kete mbili za majani na msokoto mmoja ambao tayari umefungwa. Karatasi yake ina maandishi. Nikawasha tochi ya simu, nikasoma: "Mvinyo hudhihaki, kileo huleta ugomvi." Ndiyo hiyo hiyo Mithali 20. Jamani, nilikaa juu ya spika sijui nicheke au nilie.

Nilipomuuliza hakubisha. Kitu cha kwanza alichosema: "Mjomba, naomba usimwambie mama." Ameanza kuvuta likizo ya Desemba iliyopita. Alikuwa kwa mama yake, akawa anakwenda mwaloni kusaidia kuanika dagaa apate hela ndogo ndogo, wakubwa wakampa kwamba inakata baridi. Nikamuuliza, haya, na Neno la Mungu unalivutaje? Akanijibu kwa adabu kabisa: "Karatasi yake ndiyo nyembamba, mjomba."

Nilimwambia mke wangu tu. Mke wangu akamwambia mwenzake wa maombi, na mwenzake wa maombi naye ana mwenzake wa maombi. Kabla ya Jumapili wazee wa kanisa wanajua. Wameniita. Wanataka asimamishwe kinanda miezi sita, asimame mbele ya ushirika atubu, halafu akae viti vya nyuma. Dada yetu mkubwa wa Buhongwa naye amepiga simu, anataka apelekwe kwa nabii mmoja akafunguliwe. Kuna mafuta ya upako, kuna sadaka ya kufungulia, na hiyo sadaka mimi kwa mashine ninazopata mwezi huu siiwezi. Mke wangu anasema hospitali. Dada yangu, mama mtu, bado hajui.

Naomba mnisaidie mawili. Hivi imani inamzuia kweli kijana wa umri huu, au tunajidanganya? Maana huyu hakuwa mtoto wa mtaani, alikuwa ndani kabisa, karibu na madhabahu kuliko mimi. Na la pili, nikubali asimamishwe? Kikao ni Jumamosi.

Wa matusi apite tu.

Kamanda_Pasiansi

Samaki mkunje angali mbichi. Bakora za kutosha, simu nyang'anya, mrudishe Ukerewe akalime mihogo na mama yake. Kubembeleza ndiko kunakoharibu watoto wa siku hizi. Sisi tulichapwa na tumekuwa watu.

ex_dagaa

Kamanda, unamrudisha Ukerewe alikoanzia? Umesoma uzi au umesoma kichwa tu? Na samaki mbichi ukimkunja kwa pupa anapasuka tumbo, muulize yeyote pale Mwaloni.

Fundi, pole. Niseme nilichokiona, si nilichosikia. Mimi niliingia kambini mdogo kuliko huyo mpwa wako. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza. Mnatoka jua likizama, mnarudi kumekucha, umelowa mpaka kwenye mifupa, taa zinakuchoma macho, usingizi unakuvuta, na ukisinzia ukadondoka hakuna wa kusimamisha kazi akutafute. Mkubwa anakupa puli mbili. Baridi iko pale pale, wewe ndiye unaisahau. Ikija mbalamwezi, dagaa hawakusanyiki kwenye taa, kambi inapumzika, tajiri anapiga hesabu na kugawa. Sasa una hela mfukoni, uko kisiwani, hakuna mpira, hakuna chochote, kuna gongo na kuna majani. Wenzangu wengi waliharibikia kwenye mbalamwezi, si kwenye giza.

Na msidhani tulikuwa watu wasio na Mungu. Kila jioni kabla ya kusukuma mtumbwi tuliomba, Mkristo na Mwislamu pamoja, tena kwa dhati, maana ziwa si la kuchezea. Mmoja wetu alikuwa na Mwanzo 1:29 kichwani: "nimewapa kila mche utoao mbegu". Akimaliza anauliza, bangi ina mbegu, haina? Wainjilisti waliokuja pale kambini walikuwa wanakwama hapo. Kuna bibi mmoja muuza uji ndiye aliyemweza, akamwambia upupu nao una mbegu, jipake basi.

Nimerudi Mwanza navuta kila siku. Kilichonitoa si hubiri. Kulikuwa na kwaya haina mtu wa kubeba spika. Mwalimu wa kwaya akanipa ufunguo wa stoo ya vyombo. Alijua navuta, harufu ile haijifichi. Akaniambia, ukija na macho mekundu nauchukua, ukija mzima unakaa nao. Kuna siku aliuchukua kweli, mbele ya sopano wote, niliona aibu mpaka masikio. Mazoezi yaliyofuata akanirudishia, hakusema neno.

Kwa hiyo wazee wako waulize kitu kimoja. Wakimnyang'anya kinanda, Jumatano na Ijumaa jioni atakuwa wapi? Mimi naweza kuwajibu. Atakuwa juu ya mawe huko Igogo na wale wanaomuuzia.

Nesi_wa_Zamu

Fundi, nimefanya kazi upande wa afya ya akili hapa Mwanza, sitaji wapi.

Kabla ya habari za kanisa, mtazame mtoto. Anaongea peke yake? Anahisi anafuatwa au anasemwa? Halali usiku? Ameporomoka darasani ghafla? Kwenye ukoo wenu, upande wowote, kuna aliyewahi kuugua akili? Ubongo wa kijana unaendelea kujijenga mpaka anapita miaka 20, na kuna ambao bangi inawaamshia ugonjwa ambao pengine ungelala. Ukiona hata moja kati ya hizo dalili usisubiri kikao cha Jumamosi, nenda hospitali ya Sekou Toure au Bugando kesho asubuhi.

Muulize pia nini kingine, bila kufoka. Viroba, zile pombe za pakiti, vilipigwa marufuku Machi 2017 lakini pombe kali za chupa ndogo za plastiki zipo na zinaingia mfukoni vizuri tu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, muuzaji wa dirishani hana habari. Muulize na unga. Nasema hivyo kwa sababu watu wanakuja wakisema "tunataka ile dawa ya methadoni". Ile ni ya waraibu wa heroini. Bangi haina dawa ya kunywa wala dripu ya kusafisha damu, atakayekuuzia hiyo ni tapeli. Matibabu yake ni kukaa na mshauri, kurudi, na kurudi tena. Ukikwama piga 119, ni namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, waombe wakuelekeze.

Swali lako la imani. Limechunguzwa sana, hasa Marekani. Mwaka 2001 kituo kimoja cha Chuo Kikuu cha Columbia kilitoa ripoti: vijana wasiokanyaga kabisa ibadani walikuwa na uwezekano mara mbili wa kunywa pombe, na zaidi ya mara tatu wa kuvuta bangi, wakilinganishwa na wanaokwenda kila wiki. Tafiti nyingine nyingi zimeonyesha mwelekeo huo huo. Ila msiikimbilie hiyo namba mkaipeleka mimbarini. Sehemu yake ni kwamba kijana akianza kuvuta ndipo anapoacha kwenda, kwa hiyo waliobaki lazima waonekane wasafi. Na katika ripoti hiyo hiyo viongozi wa dini karibu wote walisema ulevi ni tatizo kwa waumini wao, lakini waliowahi kusomea jambo hilo walipokuwa wakiandaliwa kwa utumishi walikuwa kama mmoja kati ya wanane. Wazee wako hawakufundishwa. Usigombane nao, waelekeze.

Kuhusu nabii: maombi hayana ubaya, nami naomba. Nina shida na bei.

sina_dini_nina_akili

Nesi ameongea vizuri halafu mwishoni akawahurumia wachungaji. Mimi naomba nitofautiane. Iceland mwaka 1998, katika kila vijana 100 wa miaka 15 na 16, 42 walikuwa wamelewa ndani ya mwezi mmoja. Kufika 2016 wamebaki 5. Na hakuna pepo aliyekemewa. Walipanga saa za watoto kuwa nyumbani, kipindi cha baridi ni saa nne usiku. Wazazi wakawekeana makubaliano, serikali ikatoa hela watoto wacheze mpira, wajifunze muziki, wawe na mahali pa kwenda baada ya shule na mtu mzima anayewajua majina. Basi. Fundi, mwondoe mtoto kwenye hayo mambo ya toba hadharani, mpeleke uwanjani.

Ustaadhi_Mabatini

Assalaam alaykum, na kwa wasio Waislamu, amani kwenu. Nimefundisha madrasa muda mrefu, wavulana wa umri huo ndio wanaonimaliza nguvu. Nami nina wanaovuta. Yupo ambaye tajwidi yake, yaani usomaji wake wa Qur'ani, inakutoa machozi na vidole vyake vinanuka.

Ndugu Fundi, sisi pombe kwetu ni haramu, halina mjadala. Lakini tazama ilivyokatazwa. Watu wa Madina walikuwa wanakunywa. Kwanza wakaambiwa, katika Al-Baqara aya ya 219, kwamba madhara yake ni makubwa kuliko manufaa. Baadaye An-Nisaa 43, msiikaribie swala hali mmelewa. Swala ni tano kwa siku, hebu piga hesabu mtu atapata wapi nafasi ya kulewa. Mwisho kabisa ndipo Al-Maida 90, iepukeni, na watu wakaimwaga njiani. Hawakutolewa msikitini katika muda wote huo, walisogezwa.

Na katika hadithi za Bukhari kuna yule mtu aliyekuwa akiletwa kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kila mara kwa ulevi, na anaadhibiwa. Siku moja mtu akamlaani: analetwa mara ngapi huyu! Mtume akakataza, asilaaniwe, kwani anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu ilikuwepo, simfichi mtu. Mahali pake hapakuondolewa.

Kwa ndugu yetu asiye na dini: uwanja upi? Hapa Mabatini nyumba imekaa juu ya jiwe, jiwe juu ya nyumba. Mpira wanachezea barabarani mpaka gari lipite.

Kamanda_Pasiansi

Basi viboko tuviache. Ila simu nyang'anya.

FundiMashine_Igogo

Wakuu nimesoma yote, mengine mara mbili. Nesi, dalili ulizotaja hana hata moja, ila usingizi ndiyo anao mwingi, hata asubuhi ya mtihani. Amesema hajagusa unga. Pombe ameonja kambini akatapika, hapo namwamini kwa sababu alivyosimulia alikunja uso.

Bwana usiye na dini, nimekusoma bila kukasirika, na kwa kweli ndiwe uliyenipa cha kusema kikaoni. Iceland ya Igogo ni kile kinanda. Mahali pa kwenda baada ya shule pana pale tu, mtu mzima anayemjua jina yuko pale, kifaa cha muziki ni hicho kimoja na kinakoroma. Serikali haijaniletea kingine. Sasa wazee wanataka kukitoa hicho hicho kwa miezi sita kwa jina la kumsaidia.

Na swali langu la kwanza naona nililiuliza vibaya kidogo, kama vile imani ni chanjo, ukishachomwa basi. Mpwa wangu alikuwa na imani na alikuwa na majani, kwenye mfuko mmoja. Anachoniambia yeye ni kwamba hajawahi kuvuta kabla ya ibada. Anavuta Jumatatu, Jumanne na Alhamisi. Nikamuuliza kwa nini siku hizo. Akashangaa swali. "Siku hizo si hakuna kitu, mjomba."

Nawaza kwenda na hilo tu Jumamosi.

ex_dagaa

Nenda nalo. Na usiende peke yako, nenda na mwalimu wa kwaya.

FundiMashine_Igogo

MREJESHO.

Kikao kimefanyika, kimechukua muda kuliko mashine niliyokuwa nimeiacha wazi kazini. Nimewaeleza siku za wiki. Mwalimu wa kwaya akasimama akasema hana mpiga kinanda mwingine, na hata angekuwa naye asingemtoa huyu. Mzee mmoja akajibu kanisa si gereji ya kurekebishia watu. Nikamwambia mzee, mimi ni wa gereji, huko kwetu kilichoharibika ndicho kinachoingia ndani. Wengine wakacheka, yeye hakucheka, na nadhani hilo nitalilipia siku nyingine.

Tumekubaliana nusu. Jumapili hapigi mpaka wazee wakae tena. Mazoezi anapiga kama kawaida. Kutubu mbele ya watu kumefutwa, ataongea na mchungaji faragha, na mchungaji amekubali kuja nyumbani badala ya kumwita ofisini. Sikupata nilichotaka chote. Jumapili ile alikaa na mimi, vidole vinacheza juu ya goti ibada nzima, na aliyewekwa kwenye kinanda alipotea kwenye wimbo wa sadaka. Nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe.

Siku zilizo tupu tumezigawa. Jumatatu na Alhamisi akitoka shule anakuja Mwaloni kwangu, anashika tochi, anaosha plagi, namlipa kidogo. Jumanne ni ya hospitali. Wameshaenda na mke wangu, amekaa na mshauri peke yake, mke wangu akaambiwa asubiri nje. Ametoka kimya. Nilimuuliza mlizungumza nini, akasema "mambo". Anarudi tena Jumanne ijayo, amekubali mwenyewe, tuseme amekubali kwa kuguna.

Msije mkafikiri mambo yamenyooka. Juzi amekuja kazini ananuka. Sikumpiga na sikumfukuza, nilimnyima tochi, nikamwambia leo utakaa pale kwenye ndoo utazame. Akakaa. Dada wa Buhongwa amenuna, anasema namchezea shetani kwa spana.

Limebaki moja. Mama yake anakuja na meli ya Nansio mwisho wa wiki kununua mzigo. Hajui. Nimwambie mimi, au nimwachie mtoto?

Nesi_wa_Zamu

Mtoto aseme, wewe uwepo. Isiwe kwa simu, na isiwe siku anayofika, mwacheni kwanza anunue vitenge vyake. Mwambie mama mapema kwamba hospitali ameshaenda, aanze na hilo ndipo asikie lingine. Hiyo ya kunuka tena mshauri aijue, mwambie mkeo aiseme mbele ya mtoto, sio nyuma yake. Na ile kadi ya kliniki itunze wewe, vijana huipoteza.

ex_dagaa

Na Fundi, Desemba inakuja. Akienda kwa mama yake, dagaa waanikwe na wengine.

FundiMashine_Igogo

Desemba habanduki hapa. Kuna mkesha wa Krismasi, na mwalimu wa kwaya keshamwandika jina, wazee wakae wasikae.